Kilo Nne na Robo za Mvua

Dobi aliyauza madaftari yale Jumanne asubuhi, kilo nne na robo, na wala hakuona ubaya wowote. Yalikuwa yamerundikwa kwenye kona ya chumba cha mbele, chini ya dirisha, na kona ile alikuwa anaihitaji. Nyumba ya wageni aliyokuwa akiifulia shuka ilikuwa imetoa amri mpya: shuka safi zisiwekwe tena juu ya kitanda cha mtu wala juu ya viti, ziwekwe kwenye rafu, na msimamizi angekuja mwenyewe kukagua. Rafu ilikuwa imepatikana. Mumewe, fundi rangi, aliikuta kwenye nyumba aliyokuwa akiipaka, wenyewe wanataka kuitupa, akaibeba begani mpaka nyumbani. Kilichokosekana ni mahali pa kuisimamisha.

Tangu alfajiri dobi alikuwa anaimba kwa ajili ya rafu hiyo. Akachukua daftari la juu, akafunua ukurasa wa kwanza: Hisabati, darasa la tano. La pili: Sayansi, darasa la sita. La tatu hakulifunua. Mtu aliye sekondari ana haja gani na hesabu za darasa la tano? Akayafunga yote kwa kipande cha kamba ya kuanikia, akayapeleka kwa muuza karanga pale njia panda, yakawekwa kwenye mizani, akapewa pesa ya kutosha mche mmoja wa sabuni. Akaununua papo hapo, akarudi kwenye mabeseni yake.

Kosa lake lilikuwa kuyafungua mbele. Angeyageuza kichwa chini akaanzia nyuma, angekuta mambo mengine kabisa. Binti yake alikuwa na uchoyo wa karatasi. Kila mwaka alichagua daftari ambalo lisingejaa, akaligeuza, akachora safu nne kwa rula: tarehe, saa, kipimo, maelezo. Humo ndani ilikuwamo mvua ya miaka saba.

Ilianza darasa la nne. Mwalimu aliwaambia watoto wafunge kopo mahali wazi, wapime mvua kwa wiki moja. Ijumaa ilipofika wenzake wote walirudisha makopo jikoni kwa mama zao. Yeye hakulirudisha. Kopo lake, la maziwa ya unga, lilifungwa kwa waya kwenye nguzo ya kamba za nguo, na tangu hapo kila siku saa moja asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, alitoka na rula yake kwenda kupima. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri, kwa unadhifu ule ule. Mtaani wakamwita Mawingu. Mwanzoni walikuwa wanamtania, baadaye likawa jina lake kabisa, na aliliitikia kwa raha kuliko alilopewa na wazazi.

Mama yake naye alikuwa na maneno yake. "Wewe, acha mchezo wa kopo uje usuuze," ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi katika nyumba ile.

*

Mawingu aliingia saa kumi na nusu jioni, akavua viatu mlangoni, akaiona rafu. Akatazama chini ya rafu, kisha nyuma ya mlango, kisha uvunguni mwa kitanda.

"Mama, madaftari yangu yako wapi?"

"Yapi? Si umetoka nayo shule?"

"Yaliyokuwa chini ya dirisha."

"Ah, yale ya zamani! Nimeyauza kwa muuza karanga. Tazama rafu ilivyokaa, kama ilipimwa na kona."

Binti hakuitazama rafu. "Yote?"

"Yote. Ulikuwa unayataka ya nini?"

"Ulifunua nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

Mawingu akatoka mbio bila viatu. Alirudi baada ya robo saa, amejaa vumbi mpaka magotini, mikono mitupu. Hakusema alikokwenda wala alichoambiwa. Akakaa kitako sakafuni, mgongo kwenye rafu. Dobi alimjua mwanawe kwa kulia: alilia alipoanguka, alilia aliposhindwa mtihani wa Kiingereza, alilia hata paka wa jirani alipopotea. Safari hii macho yalikuwa makavu kabisa, na hilo likamtia mama wasiwasi kuliko machozi.

Fundi rangi aliporudi, rangi nyeupe imemkaukia masikioni, akasimama mlangoni. "Kwani humu kumekufa nani?"

"Nimeuza madaftari yake ya zamani," dobi akasema, sauti imepungua kidogo. "Sasa kaninunia."

"Ya mvua?"

"Ya mvua gani? Ya shule."

Fundi rangi akaweka ndoo chini polepole. "Mke wangu! Mimi kila nikipata kazi ya kuta za nje, namuuliza huyu. Anayafunua, ananiambia, baba, wiki hii miaka mitano kati ya saba ilinyesha, mwambie mwenye nyumba asubiri. Mara ngapi ameniokoa na hasara? Nilidhani unajua."

"Mimi namuuliza tuanike au tusianike, basi. Nilidhani anatazama juu kama watu wengine."

Walicheka kidogo, fundi na mkewe, kile kicheko cha watu wanaotaka jambo liishe. Binti hakucheka.

"Si mnasema ni mchezo?" akasema pale pale sakafuni. "Basi mchezo umekwisha. Darasani kuna anayeimba, kuna anayekimbia, kuna mzuri wa sura. Mimi nikiingia wanasema, huyo Mawingu. Sina kingine. Kesho mtu akiniuliza mwaka juzi siku kama hii ilikuwaje, nimjibu nini?"

"Mjibu hujui," dobi akasema. "Watu wote hatujui, na tunaishi."

Alikusudia kumfariji. Maneno yalipotoka mdomoni hata yeye aliyasikia jinsi yalivyo, lakini yalikwisha kutoka.

*

Jumatano asubuhi saa moja ilipita na hakuna aliyekwenda kwenye kopo. Mawingu alikunywa chai, akavaa sare, akachukua mkoba. Dobi alikuwa uani na mabeseni manne, ndani yake shuka arobaini za nyumba ya wageni zilizokamuliwa tangu jana usiku.

"Leo tuanike?" akauliza kama alivyouliza miaka yote, bila hata kuinua kichwa.

"Sijui."

Dobi akainua kichwa. Binti alikuwa amesimama chini ya anga, macho yanatazama lango. Hakulitupia wingu hata jicho moja. "Sijui, mama," akarudia kwa adabu, akaenda zake.

Dobi akatazama juu mwenyewe. Kulikuwa na bluu nyingi na weupe kidogo upande wa pili wa paa la jirani. Ungesema ni siku ya jua. Akaanika shuka zote arobaini, na mashati ya mwalimu mkuu pia.

Mvua ilishuka saa sita na robo, tena bila kupiga hodi. Alikuwa ametoka kununua mkaa wa pasi. Alipofika uani kamba moja ilikuwa imekatika kwa uzito na shuka kumi na mbili zimelala kwenye tope. Alizikusanya huku maji yanamtiririka shingoni, akajikaza kisabuni, akajiambia si kitu, maji si moto. Akazitandaza zilizosalimika ndani: juu ya kitanda, juu ya viti, juu ya mlango, na nyingine akazining'iniza kwenye rafu yenyewe, zinadondosha maji.

Saa tisa alasiri msimamizi wa nyumba ya wageni akabisha hodi. Alikuwa mwanamke nadhifu mwenye daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Akasimama katikati ya chumba, akitafuta mahali pakavu pa kuweka viatu.

"Rafu nzuri," akasema. "Shuka safi ziko wapi?"

"Bosi, mvua imenipiga pigo leo. Kesho jioni..."

"Wageni wanaingia leo usiku, mama. Nao watalalia kesho jioni?"

Msimamizi akaishika shuka moja kwa vidole viwili, akaiachia. "Mwaka mzima hujawahi kuniletea shuka mbichi. Hata masika. Nilikuwa nawasifia wenzangu: huyu mama sijui ana nini, mvua humkwepa. Leo imekuwaje?"

Dobi akataka kusema mengi. Alisema, "Imetokea tu."

"Basi nusu ya kazi nitampa mwingine, mpaka nione." Akaandika kwenye daftari lake, akatoka kwa kuruka ruka juu ya maji sakafuni.

Dobi akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mvua humkwepa! Mwaka mzima, hata masika. Alijaribu kukumbuka ni asubuhi ngapi aliuliza "leo tuanike?" na kujibiwa "anika, lakini uanue kabla ya saa nane", akaanua, na hakumwambia binti ahsante. Alimwambia njoo usuuze.

*

Alhamisi saa moja asubuhi binti aliondoka tena bila kutazama nguzo. Dobi alikwenda mwenyewe. Kopo lilikuwa na maji. Akachukua rula iliyokuwa imechomekwa dirishani, akaitumbukiza, akaitoa, akaikodolea macho. Je, ule ukingo mdogo kabla ya sifuri unahesabiwa au hauhesabiwi? Na kitako cha kopo? Mtu asiyejua kazi ya watu aiache. Lakini kuyamwaga hakuweza.

Akaenda ndani akatafuta chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaisuuza, akaikausha kando ya pasi ya moto, akayamimina maji yote kwa uangalifu, bila kudondosha. Sasa yatajulikanaje ni ya lini? Hapo hakuhitaji kufundishwa. Kila mteja wake alikuwa na rangi yake ya uzi, aliyoshona ndani ya ukosi au kwenye pindo ili nguo zisichanganyike: nyekundu ya nyumba ya wageni, kijani ya mwalimu mkuu, njano ya wauguzi. Nyeusi hakuwa amempa mtu. Akakata uzi mweusi, akaufunga kwenye shingo ya chupa, akaupiga fundo moja. Akaificha chupa nyuma ya mche wa sabuni.

Kisha akajitanda khanga akaenda njia panda.

Kabla hajafika kwa muuza karanga, fundi viatu alimwita kutoka kwenye kibanda chake. Alikuwa anatafuna, na mkononi ameshika kifuko cha karatasi kilichokunjuliwa.

"Shemeji dobi! Pole sana kwa yale ya mwaka juzi."

"Yapi hayo?"

Fundi viatu akasogeza miwani, akasoma kama mtangazaji wa redio: "Tarehe tisa, saa moja asubuhi, milimita tatu. Baba na mama hawasemezani siku ya pili. Baba amekula kwa jirani." Akaangua kicheko. "Kumbe siku ile alipokula kwangu akasema umesafiri!"

Waliokuwa wakingoja viatu wakacheka pia. Mwanamke mmoja akasema yeye jana kapata cha mwezi wa nne, kinaeleza habari za jino la bibi. Dobi alihisi uso unawaka moto. Mambo ya nyumba yake yalikuwa yamefungiwa karanga mtaa mzima, za shilingi kumi kumi na za ishirini ishirini, na aliyeyapeleka sokoni ni yeye mwenyewe, kwa bei ya sabuni. Akanyoosha mkono.

"Nipe hicho, shemeji."

"Karanga zangu je?"

"Mimina mfukoni."

Akaondoka nacho. Alipojitenga kidogo kando ya ukuta, akakisoma chote, maana fundi viatu alisoma mstari mmoja tu.

Tarehe kumi: sifuri. Mama ameanika mapema, ameanza kuongea na baba kuhusu chumvi. Tarehe kumi na moja: ishirini na mbili. Shati la mwalimu limeingia ukungu, mama amesema si kitu, lakini nimemwona akilia kwenye kamba. Tarehe kumi na mbili: sifuri. Nimemwambia mama anike saa mbili aanue saa nane. Ameniamini.

Dobi alikikunja kifuko taratibu. Alikuwa anadhani siku ile ya shati hakuna aliyemwona. Alikuwa amejificha kati ya shuka mbili, akalia kidogo, akapangusa uso kwa pindo la shuka ya mteja, akaendelea na kazi. Kumbe aliandikwa, pamoja na mvua, na hakuandikwa kwa ubaya.

Muuza karanga alikuwa amekaa nyuma ya sinia lake, kisu pembeni, na rundo la nusu kurasa limebanwa kwa jiwe. Alikuwa akikata kila karatasi katikati, nusu ya juu na nusu ya chini, ndipo aisokote.

"Umekuja," akasema. "Nimekungoja siku mbili."

"Mimi?"

"Mtoto wako si alikuja Jumanne, miguu mitupu, anatetemeka? Nikamwambia, mwanangu, biashara nilifanya na mtu mzima. Mwambie mama yako aje, tutaelewana. Akasema, haya. Hukuja. Nikaanza kuuza, kwani nile nini?"

"Hakuniambia."

"Hakukwambia?" Muuza karanga akamtazama. "Basi labda alijua hutakuja."

Alilisema bila ubaya, huku anapunga nzi. Lilimwingia dobi mpaka kwenye mfupa. "Nayataka yote yaliyobaki. Nitakurudishia pesa yako."

"Pesa siifungii karanga, dada. Niletee karatasi, uzito kwa uzito."

Karatasi za kubadilisha zilikuwa za fundi rangi: magazeti aliyotandika sakafuni na kubandika kwenye vioo alipopaka. Alikuwa ameyakusanya mwaka mzima. Alipoambiwa, hakuuliza mara mbili. Akayatoa uvunguni, akayafunga, akayabeba mwenyewe mpaka njia panda. Wiki ile alipaka bila kutandika kitu, na jioni alikuwa akipiga magoti akikwangua matone ya rangi kwenye sakafu ya watu kwa kucha.

Vilivyokwisha kuuzwa dobi alivifuata mguu kwa mguu, Alhamisi na Ijumaa. Alikwenda saluni, alikwenda kwa wauguzi, alikwenda kituo cha pikipiki. "Samahani, hamkula karanga hapa juzi?" Ukiisema sentensi hiyo mara ya thelathini, huna tena uso wa kuonea haya. Wengine walimcheka. Wengine walimpa vipande vyenye mafuta na chumvi. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa amekihifadhi cha kwake kwenye pochi kwa sababu, alisema, kiliandika mvua ya siku aliyozaliwa mwanawe, na hakutaka kukitoa mpaka dobi alipoahidi kitanakiliwa na kurudishwa.

*

Ijumaa jioni dobi alivipanga vipande vyote juu ya rafu, akamwita binti.

Mawingu akavitazama. Akachukua kimoja, akakinusa, akakirudisha. Akavipekua kwa kidole kama mtu anayehesabu maiti.

"Mwaka wa darasa la tano haupo," akasema.

"Mwaka mzima?"

"Daftari lake ndilo lilikuwa la juu. Muuza karanga alianza nalo."

"Lakini hii mingine sita..."

"Mama, rekodi ikikatika imekatika. Mimi nimeacha." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu mzima aliyefiwa na akachoka kupokea wageni, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Fundi rangi akamtazama mkewe. Walikuwa wamepata msichana mtiifu, asiyechelewa chai, asiye na kopo, na hakuna aliyejua amfanye nini.

Jumamosi asubuhi kopo lilikuwa kavu. Dobi alisimama mbele ya nguzo akafikiri. Kisha akaleta chupa tupu, akaifunga uzi mweusi wenye mafundo matatu.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mawingu alikuwa anapiga pasi sare yake. Akanyoosha mkono nyuma ya sabuni kutafuta kitambaa cha kulowesha, vidole vikagonga kioo. Akazitoa chupa moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye meza ya pasi: nne.

"Mama, hizi ni nini?"

Dobi alikuwa akikunja foronya. Hakugeuka. "Mvua yako."

"Mvua yangu?"

"Fundo moja Alhamisi, mawili Ijumaa, manne leo. Nilitaka kupima nikaogopa kuharibu. Ile rula ina kipande kabla ya sifuri, sijui kinahesabiwa."

"Hakihesabiwi." Binti akaiinua chupa ya tatu, akaigeuza juu chini. "Na hii tupu?"

"Jumamosi. Haikunyesha."

Mawingu aliishika ile chupa tupu kwa mikono miwili. Kisha akalia, kile kilio chake cha siku zote, cha kukoroma na cha kamasi, na mama yake akafurahi kukisikia kuliko wimbo wowote. Hakumkumbatia, alikuwa na foronya mikononi. Alimpa foronya apanguse uso.

"Uliziba vizuri?" binti akauliza alipoweza kusema. "Hakuna iliyopungua?"

"Mimi ni dobi, maji nayajua. Hakuna tone lililopotea."

Wakatoka uani wote wawili. Binti akalifungua kopo kutoka kwenye nguzo, akalikausha, akayamimina maji ya Alhamisi, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Thelathini na moja. Ijumaa tisa. Leo nne. Akatoa daftari la mwaka huu kwenye mkoba, akajaza; Jumatano, ambayo hakuna aliyepima, akaiwekea mstari, na Jumamosi akaandika sifuri. Pasi iliunguza kitambaa cha meza huko ndani, wakasikia harufu, wakakimbia.

Mchana wote ulikwenda kwenye vipande. Gundi ingebanduka kwenye mafuta ya karanga, dobi akasema, karatasi ile haishiki ila kwa sindano. Mawingu alitafuta nusu ya juu na nusu ya chini, akazilinganisha tarehe, akampa mama, na mama akaziunga kwa mshono mpana, kama anavyounga shuka iliyochanika katikati. Mwaka wa darasa la sita ulikamilika. Wa darasa la saba ukakosa kurasa mbili. Walipofika kwenye wa darasa la tano, hapakuwa na cha kushona. Binti akachora safu zake nne kwenye karatasi nyeupe, halafu akabaki ameshika kalamu.

"Mwaka ule, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu," dobi akasema, "ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni."

"Umejuaje?"

"Ndiyo siku niliyounguza shati la bwana harusi. Jua halikutoka nikalikausha kwa pasi. Nililifidia miezi miwili, siku ile nitazikwa nayo." Akauma uzi. "Ishirini na mbili ikanyesha tena, ya mchana, ikapasua kamba. Ishirini na tatu haikunyesha, maana nilirudia zote. Mwezi wa nne tarehe mbili, wauguzi walivaa nguo mbichi wakaja kunigombeza watatu."

Mawingu alikuwa anamtazama kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni kwake. "Mama, unazikumbuka zote?"

"Zilizoninyeshea nguo. Unafikiri dobi anasahau mvua?"

Binti akaanza kuandika kwa kasi. Dobi akasogea kuona. "Hapo kwenye kipimo mbona umeweka mstari? Andika ishirini. Ilikuwa nyingi ile, ilijaza beseni la bluu."

"Hapana, mama. Hatukupima."

"Sasa itakusaidia nini?"

"Itajulikana kwamba ilinyesha." Kwenye safu ya maelezo akaandika: shati la bwana harusi, shahidi ni mama. Mpaka jua linazama walikuwa wamepata siku arobaini na moja, na fundi rangi akachangia tano za kuta zilizochuruzika. Mwaka haukurudi. Lakini haukuwa mweupe tena.

Dobi alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu Alhamisi. Alingoja mumewe aende kuoga.

"Na siku ile niliyoyauza," akasema, macho kwenye sindano. "Jumanne. Umeniandikaje?"

"Jumanne niliandika asubuhi, kabla ya shule. Sikuwa najua chochote."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Binti akalifunua daftari la mwaka huu kutoka nyuma, akaweka kidole kwenye mstari. Jumanne, saa moja asubuhi. Sifuri. Jua. Mama amepata rafu, anaimba.

Dobi alisoma mara mbili. Kisha akakata uzi mwingine mweusi, akausogeza mwangani, akajaribu mara nne kuutia kwenye tundu la sindano, mpaka binti yake akamtilia.